Uzito wa Ngao

Mpagazi wa Kinyamwezi hakuwa akipokea mzigo kwa maneno matupu ya mwenye mali. Aliuinua kwanza. Burton, aliyefika Tabora mwezi Novemba 1857, wakati wageni walipouita mji huu Kaze, ameeleza kwa kero kubwa namna wapagazi walivyogombea mizigo, kila mmoja akijaribu hiki na kile, akinung'unika, akitafuta kilicho chepesi. Yeye aliona utovu wa adabu. Mimi nikisoma habari hizo naona watu waliojua kazi yao. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi, na kutoka Bagamoyo hadi hapa ni zaidi ya kilomita 800 za miguu. Juu ya frasila hizo mpagazi alikuwa na vyake pia: mkeka, chungu, posho na silaha. Kwa mtu kama huyo ratili moja isiyo na kazi ni adui anayetembea naye.

Mtumba wa nguo (neno hili siku hizi tumelipa maana nyingine, lakini asili yake ni robota la merikani na kaniki) ulifungwa kwa vijiti ili uweze kuegeshwa kwenye mti bila kulala chini, na ili mwenyewe asiiname mno kuunyanyua. Masango, yaani nyaya za shaba, yaligawanywa yakaning'inia ncha mbili za mti. Jino kubwa la tembo lilibebwa na watu wawili. Begani au kichwani paliwekwa ngata. Mambo haya madogo hayamo katika vitabu vya shule, ingawa biashara yote ya Unyanyembe ilikaa juu ya hiyo ngata.

Nimeanza na mpagazi kwa sababu nataka kusema habari za kinga ya mwili: ngao, hirizi, na lile fulana lenye mabamba ambalo askari wa leo huvaa kuzuia risasi. Aghalabu watu huzungumza habari za kinga kana kwamba swali ni moja tu, je, itazuia? Watu wa njia hii ya misafara walikuwa na maswali mawili, na la pili ni hili: nitaweza kuibeba mpaka saa itakapohitajika?

Burton anasema kwamba ngao ilikuwapo Unyamwezi, ya namna ya Usagara, lakini ilitumika kwa nadra. Mtu anaweza kushangaa, maana nchi hii haikuwa ya amani. Lakini tazama mkono wa mpagazi. Mmoja unashika mzigo, wa pili unashika upinde, mkuki au bunduki. Mkono wa tatu wa kushika ngao hakuzaliwa nao. Waarabu wa Omani walikuwa na ngao ndogo ya duara ya ngozi ya kifaru, nzuri kwa upanga, na mpaka leo huko Omani utaiona katika ngoma ya razha. Wangoni waliotoka kusini, ambao hapa kwetu waliitwa Watuta, walikuja na ngao kubwa za ngozi ya ng'ombe. Wao walikuwa jeshi. Hawakuwa na frasila za mtu begani.

Mirambo wa Urambo aliwajua Watuta vizuri, akajifunza kwao vita, na baadaye wakawa washirika wake. Lakini jeshi lake mwenyewe, yaani rugaruga, lilitegemea miguu. Stanley alipokutana naye mwaka 1876 aliambiwa na Mirambo mwenyewe kwamba anapenda kupigana na vijana wasio na mke wala mtoto, wenye macho makali na viungo vyepesi. Rugaruga walivaa nguo nyekundu, manyoya kichwani, bangili za pembe. Hakuna hata kimoja katika vitu hivyo kinachoweza kuzuia mshale. Kinga yao ilikuwa wepesi.

Mwezi Agosti 1871 wepesi huo ulionekana. Waarabu wa Tabora, pamoja na Stanley aliyekuwa njiani kumtafuta Livingstone, walikwenda kumpiga Mirambo. Kundi moja likiongozwa na Saud bin Said liliiteka Wilyankulu, likabeba meno ya tembo na mateka, likaanza safari ya kurudi. Mirambo hakuwa ndani ya ngome ile. Alikuwa amelala kwenye majani kando ya njia. Walipofika wameelemewa na nyara aliwatokea, na kijana Saud akauawa pamoja na wenzake wengi. Vitabu vinasema waliuawa na mbinu za Mirambo. Ni kweli, ila nadhani mizigo nayo ilisaidia kuwaua.

Tarehe 22 Agosti vita vikaja Tabora kwenyewe. Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Kiarabu, alitoka na watu wake kumkabili adui, na wengi wao wakamkimbia. Akauawa na wachache waliobaki naye. Stanley, ambaye wakati huo alikuwa Kwihara akitoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe alimokaa, anasimulia kwamba maiti ya Khamis ilikatwa ngozi ya uso na sehemu nyingine, vikachukuliwa kutengenezwa dawa ya nguvu. Habari hii imesimuliwa mara nyingi ili kuonyesha ukatili. Mimi hunifikirisha kwa sababu nyingine. Rugaruga walikwenda vitani bila ngao, lakini hawakujiona wako uchi. Walikuwa wamevaa kitu kisichokuwa na uzito hata chembe.

Hapo ndipo pana jambo la historia ambalo watu wa shule tumelipita haraka mno kwa kicheko. Bunduki zilizojaa Unyamwezi wakati ule zilikuwa magobori na magumegume, zilizoletwa kwa maelfu kupitia Zanzibar. Baruti yake mara nyingi ilikuwa mbovu au imepata unyevu. Mahali pa risasi mtu alitia kipande cha chuma, wakati mwingine kijiwe. Wengi walipiga kutoka kiunoni bila kulenga, kwa hofu ya teke la bunduki yenyewe. Basi chukua vijana 100 waliochanjwa chale na kufungwa hirizi, wapeleke mbele ya bunduki za namna hiyo kwa hatua 100. Jioni watarudi wengi. Kila aliyerudi ni shahidi wa dawa, na aliyekufa hasemi. Watu wale hawakuwa wajinga. Walikuwa na ushahidi mbele ya macho yao, na ushahidi wenyewe ulikuwa mwingi. Mganga wa pwani naye, mwenye hirizi ya aya ndani ya ngozi na kombe la kunywa, alipata sifa kwa njia hiyohiyo.

Kilichobadilika ni bunduki. Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa mtu wa hesabu, naye hakutegemea chale peke yake. Alijenga ngome. (Neno ikulu, tunalolitumia kwa nyumba ya Rais, asili yake ni lugha za huku kwetu, makao ya mtemi.) Ikulu ya Isike ilikuwa na kuta nene za udongo na boma la miti. Mwaka 1892 Wajerumani waliishambulia, mwezi Juni na tena mwezi Agosti, wakashindwa. Ukuta wa udongo ni ngao ambayo mtu haibebi, na dhidi ya risasi ni mzuri kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa udongo hula mwendo wa risasi kidogo kidogo. Lakini ukuta hauwezi kukufuata. Januari 1893 Luteni Tom von Prince akaivunja ile ikulu, na Isike, alipoona mambo yamekwisha, akalipua ghala la baruti akiwa ndani.

Miaka 12 baadaye, kusini ya nchi, ikaja dawa kubwa kuliko zote. Vita vya Maji Maji havikufika Unyamwezi, lakini siwezi kuviruka. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vimeanza tu, na maji yake yakaendelea kutembea bila yeye. Tarehe 30 mwezi huohuo maelfu ya wapiganaji waliliendea boma la Mahenge mbele ya bunduki za rashasha. Hesabu ile ya magobori haikufanya kazi tena. Rashasha haikosi kwa sababu ya hofu ya mpigaji, wala haipumziki kushindilia baruti.

Ebrahim Hussein alitunga mchezo wa kuigiza juu ya Kinjikitile, uliochapishwa mwaka 1969, na vijana wengi wamemjua mtu huyu kwa mchezo huo. Kila ninapoufikiria hurudi kwenye jambo moja: masharti. Dawa ya vita haikosi masharti. Usile kitu fulani, usimguse mwanamke, usiibe, usiogope, usitazame nyuma. Masharti yalikuwa na faida yake, kwani jeshi lisiloiba na lisilogeuka nyuma ni jeshi zuri. Lakini kwa upande wa kupima, masharti huiweka dawa mahali pasipofikika. Mtu akipona, dawa ni kali. Akifa, amevunja mwiko. Hakuna jambo linaloweza kutokea uwanjani likamrudisha mganga nyumbani kusema, hii haifai, nitengeneze nyingine.

Mwaka 1965 jambo hilo lilionekana tena mwisho wa njia yetu ya misafara, ng'ambo ya ziwa. Che Guevara alivuka kutoka Kigoma mwezi Aprili mwaka huo kwenda kuwasaidia wapiganaji wa Kongo, na katika kumbukumbu zake ameandika juu ya dawa waliyonyunyiziwa. Aliyataja masharti: wanawake, mali ya watu, hofu. Akaona kwamba kila aliyejeruhiwa aliambiwa aliogopa, na hakuna aliyebaki kubisha. Kinachonigusa ni kwamba mtu aliyekufa kwa risasi aliondoka duniani na aibu juu yake. Sioni kitu kibaya zaidi katika habari yote ya dawa za vita. Kuwa haizuii risasi ni jambo moja. Kumlaumu maiti ni jambo jingine.

Wala tusijidanganye kwamba mambo haya ni ya kale. Sungusungu walipoenea Kahama, Nzega na kwingineko mwaka 1982, kuwakabili wezi wa ng'ombe ambao baada ya vita vya Kagera baadhi yao walikuwa na bunduki, walitoka na pinde, mishale, filimbi, na dawa pia. Walifanya kazi kubwa. Kilichowasaidia hasa, kwa maoni yangu, ni kwamba walitoka kijiji kizima.

Sasa nije kwenye mabamba. Nilipata kuyaona kwa karibu hapa hapa Tabora, kwa sababu ya kijana wa dada yangu. Aliwahi kuwa askari, akaenda Kongo katika jeshi la Umoja wa Mataifa, na alipostaafu akaajiriwa na kampuni ya ulinzi inayosindikiza fedha. Siku niliyopita kumsalimu alikuwa uani na wenzake, chini ya mwembe, mbele yao mafulana matatu yaliyoletwa na wachuuzi kama mfano. Wakubwa wake walimtaka achague.

"Shikamoo Mjomba. Njoo na wewe ujaribu," akasema.

"Marahaba. Mimi nani atanipiga risasi? Pensheni yenyewe hii."

Nikavaa hata hivyo. La kwanza lilikuwa na mabamba ya chuma, la bei nafuu. Nilihisi mtu ameniketi mabegani. Kijana akaniambia chuma kina ubaya mwingine: risasi ikigonga hupasuka, na vipande vyake huruka juu kuelekea shingo na kidevu, isipokuwa bamba limepakwa kitu cha kuvinasa. La pili lilikuwa na mabamba ya kauri. Nikacheka, maana kauri kwetu sisi wa njia ya misafara ni zile simbi zilizokuwa fedha na mapambo. Hii ni kauri ya viwandani, ngumu kupita chuma. Risasi huvunjikia juu yake, na tabaka la nyuzi lililo nyuma hudaka vipande. Ubaya wake ni ule wa sahani: ukiiangusha inaweza kupata ufa usioonekana kwa macho. La tatu lilikuwa la plastiki iliyoshindiliwa, jepesi ajabu, lakini risasi zenye kiini cha chuma kigumu zinaweza kulipenya.

Nikamuuliza watu wamejuaje yote haya bila kumvalisha mtu. Akanieleza, na baadaye nikasoma mwenyewe. Nyuzi za Kevlar zilivumbuliwa mwaka 1965 na Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont, na katika miaka ya 1970 Wamarekani wakatafuta kipimo cha fulana. Walianza na mbuzi! Waliwalaza kwa dawa ya usingizi, wakawafunika kitambaa kile, wakawapiga risasi, kisha wakatazama ndani ya miili yao. Msomaji atakumbuka kwamba masimulizi ya kumfunga mbuzi au kuku hirizi na kumpiga risasi yamezagaa Afrika nzima. Tofauti ni kwamba mbuzi wale hawakuwa na mwiko wa kuvunja. Walipoumia, kitambaa ndicho kilicholaumiwa.

Kutokana na majaribio hayo kikapatikana kipimo kinachotumika hadi leo. Fulana au bamba huwekwa juu ya udongo laini wa kufinyangia, likapigwa risasi ya aina na mwendo uliotajwa. Risasi isipite, na kibonyeo kwenye udongo kisizidi milimita 44. Kikizidi, bamba limeshindwa, kwani risasi iliyozuiwa nayo huweza kuvunja mbavu na kupasua moyo. Sina mapenzi makubwa na namba, lakini hiyo 44 naipenda. Ni sharti alilowekewa mganga badala ya mgonjwa.

Hata hivyo kipimo kimewahi kudanganya. Nyuzi za Zylon zilisifiwa kuwa nyepesi na imara, zikafaulu majaribio, polisi wakazivaa. Mwaka 2003 polisi mmoja wa Pennsylvania alipigwa risasi ikapita katika fulana yake. Uchunguzi ukaonyesha kwamba nyuzi zile hudhoofika kwa joto na unyevu, yaani kwa jasho la mvaaji. Mwaka 2005 zikaondolewa katika orodha. Walizipima mpya, hawakuzipima zimevaliwa. Hata Kevlar ikilowa uwezo wake hupungua, ndiyo maana hufungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Hapo nilimkumbuka mzee wa Ngarambe bila kupenda.

Tukarudi kwenye uchaguzi. Nilitazamia kijana aulize unene na aina ya risasi. Hayo aliyasoma dakika moja kwenye kibandiko, akahakikisha kwamba yanalingana na bunduki za majambazi wa huku, basi. Saa nzima iliyobaki aliitumia kwa mambo mengine. Alikaa ndani ya gari akiwa amevaa. Alipiga goti. Aliweka bunduki begani kuona kama ukanda unazuia kitako chake. Aliinama kuchukua kifunguo kilichoanguka. Aliwavalisha wenzake, mnene na mwembamba, akawarekebishia bamba la mbele, kwa kuwa karibu wote walilivaa chini mno, kufunika tumbo.

"Mjomba, hapa juu ndipo penye roho," akasema, akigusa kishimo kilicho kati ya mifupa miwili chini ya koo. "Bamba lianzie hapa. Tumboni ukipigwa unaweza kufika hospitali."

Ulikuwa mwezi Oktoba, na wanaoijua Tabora wanajua Oktoba yake. Mmoja wa vijana alitokwa jasho mpaka akaomba kuvua. Fulana kamili ya namna ile, na mabamba yake mbele na nyuma, haipungui sana frasila moja, na jasho chini yake halina pa kukaukia. Mpwa wangu akanisimulia kwamba Kongo aliwaona askari waliotoa bamba la nyuma wakalificha kambini, wengine wakabaki na mfuko mtupu. Hakuwalaumu. Alisema bamba linaloachwa kambini halina daraja lolote, hata likiandikwa la kwanza duniani.

Mabamba hayatoshi, hilo nalo alilijua. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wetu huko Semuliki, mkoa wa Kivu Kaskazini, ilishambuliwa na askari 15 wa Tanzania wakauawa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliotolewa mwezi Machi 2018 ulitaja kukosekana kwa mpango wa dharura wa kuwaongezea nguvu, na upungufu wa usafiri wa anga. Waliouawa hawakuambiwa kwamba waliogopa. Kilichoandikwa ni kasoro za mipango, na kwangu hilo si dogo. Na katika misitu hiyohiyo wapo wapiganaji wanaojiita Mai-Mai, jina lililotoka kwenye neno maji, wakinyunyiziwa kama babu zao.

Hatimaye kijana akachagua yale ya kauri, ingawa ya plastiki yalikuwa mepesi zaidi na ya chuma yalikuwa ya bei ndogo. Mwenzake akamwambia yataumiza mabega kwa zamu ya saa 8. Akaingia ndani, akatoka na kipande cha kanga kuukuu, akakikunja mara nne, akakipachika chini ya ukanda wa bega, akavaa, akatembea mpaka langoni na kurudi.

"Hiyo Kongo mliiitaje?" nikamuuliza.

"Haikuwa na jina, Mjomba. Kila mtu alikuwa na yake."

Nikamwambia hapa Tabora ina jina. Inaitwa ngata.